Ngazi ya Hoteli ya Habibu

Jumatatu, 18 Aprili 1955

Hoteli ya Habibu imefika ghorofa ya juu! Mtaa wa sokoni watu wanatembea shingo juu, wanagongana. Matofali yetu haya haya ya kuchoma, lakini yalivyopanda, we acha tu. Ngazi ndiyo haipo – saruji yake imekwama ng'ambo, mto umejaa, kivuko hakivuki. Basi mume wangu Fridolin kaenda kumwambia Habibu ataijenga ya mbao. Mchonga mitumbwi wa Mofu! Ngazi hajajenga hata moja. Habibu kasema ikikaa sawa, milango na vitanda vyote vya hoteli atampa yeye atengeneze. Isipokaa, Fridolin anakwenda kukata mkonge Kilosa, na mimi najifungua peke yangu. Sitaki.

Alhamisi, 5 Mei

Aibu. Padri kamkuta Fridolin misheni, amelala chali chini ya ngazi yao. Akadhani kaanguka. Kumbe mtu anatazama maungio. Kapewa chai.

Jumamosi, 21 Mei

Nimeiona. Mvule mtupu. Pa kushikia pamepinda taratibu kama ubavu wa mtumbwi – nimepapapasa kwenda na kurudi. Mume wangu huyu huyu, anayesahau kofia kila siku!

Kisha akaimwagia ndoo nzima ya maji. Nikamuuliza, unaosha? Anatazama kama inavuja, anasema. Ngazi, jamani. Waashi wamecheka mpaka wamekaa chini. Naye kacheka, ila kaendelea kumwaga. Ungio moja la katikati likapitisha maji. Kaling'oa, kalirudia.

Jumatatu, 23 Mei

Naandika nimesimama. Nimekuja nyumbani mara moja kubadili kanga. Habibu anasubiri, soko zima limejaa pale.

Kwao Mofu fundi hapandi mtumbwi mpya peke yake. Anapanda na mkewe, watu waone anauamini. Habibu kasema mwenye mimba asipande. Fridolin kajibu, basi na mimi sipandi. Mbele za watu! Habibu ikabidi akubali. Nikamnong'oneza mume wangu kwamba mimi ghorofani sijafika maisha yangu yote. Kaniambia, ukifika katikati, pale nilipoparudia, kanyaga kwa nguvu.

Naogopa. Kilosa naiogopa zaidi. Viatu nimevua – nataka niisikie kwa nyayo.

Amenifuata, yuko mlangoni. Leo kofia ameikumbuka. Anasema twende, mke wangu, na mkono wake umeshaushika wangu. Naacha kalamu.