Kilimambogo kwa Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Mteremko wa mto Ruiru mara tatu asubuhi, kabla ya uji. Mara ya tatu mguu wa kushoto ukaanza kuburuta, kama kawaida yake. Nikausubiri. Hauna pa kwenda bila mimi.
Tangu nipate kiharusi mwaka jana, daktari ananiambia nitembee. Wengine wote wananiambia niketi. Nimemchagua daktari.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano wa akina mama wa kanisa, hapa Kimbo. Tarehe 22 tunapanda Kilimambogo kuomba, kama kila mwaka kabla ya mvua. Mwenyekiti wetu, Mama Shiro, akasoma orodha. Mimi nimewekwa chini, kwenye geti la hifadhi, jikoni. Githeri ya mahindi na maharagwe, na chai. Hakuniuliza.
Miaka kumi na moja nimeupanda ule mlima nikiimba. Kwetu Bungoma milima tunaipanda tukienda sokoni. Nikasema nitapanda. Mama Shiro akakunja karatasi.
"Mama Brian, wewe kaa tu na sufuria. Sisi tutakuombea huko juu."
Nina hasira hata sasa ninapoandika. Sitaki kuombewa. Nataka kuomba.

Jumanne, 11 Machi
Thika. Nimeshuka hadi daraja la Chania, nikapanda kurudi mjini, nikashuka tena. Miaka kumi na tisa nilifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hapa na sikujua mji huu una vilima vingapi. Mguu ukiwa mzima mtu hahesabu. Leo nimehesabu vinne. Kutoka cha mwisho Kilimambogo unaonekana, umekaa peke yake.

Jumapili, 16 Machi
Nimeanguka. Njia ya kwenye kahawa, utelezi. Goti limechubuka, basi.
Jirani akampigia Brian. Akaja kutoka Juja, akachukua raba zangu, akazifungia kwenye buti ya gari. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kutembea. Akasema anaogopa kila simu ikilia. Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 19 Machi
Nimenunua akala. Zimekatwa kwenye tairi la lori. Hizo hazitelezi.

Jumamosi, 22 Machi
Nimefika.
Wenzangu walipotangulia kupanda niliinjika githeri, nikakoleza moto, nikamwachia mwiko Mama Kevin. Ana mimba ya miezi saba, ndiye mwingine aliyewekwa chini. "Enda," akaniambia. "Wakiuliza nitasema uko choo."
Pale hakuna kupanda bila askari, kwa sababu ya mbogo. Nilimpata mzee anayekaribia kustaafu. Kila kona aliniuliza, "Mathe, turudi?" Kila kona nikasema bado. Kwenye makaburi ya Wazungu wa zamani nililala chali, nikalia kidogo. Nilichoka vibaya. Kisha nikaamka.
Nilipanda kwa saa tano nzima. Niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa wamepiga magoti, macho yamefumbwa, Mama Shiro akisoma majina ya wagonjwa. Wa kwanza, sukari. Wa pili, presha.
"Mama Brian. Mguu."
"Niko hapa," nikasema. "Soma anayefuata."
Macho yote yakafunguka. Mama Shiro aliniangalia, akaangalia karatasi, akasoma anayefuata. Nikapiga magoti nyuma yao, nikaomba. Sikuuombea mguu.
Kushuka nilishuka na pikapu ya askari iliyokuja kunichukua. Sioni aibu. Nilisema nitapanda, sikusema nitashuka.

Jumapili, 23 Machi
Sikwenda kanisani. Mguu umevimba, nimeuweka kwenye beseni ya maji ya chumvi. Mvua imenyesha tangu alfajiri.
Mchana Mama Shiro alikuja na maparachichi. Tukanywa chai. Hatukutaja mlima. Alisema magoti yake yanamsumbua siku hizi, hasa ngazi za kanisa. Nikamwongezea chai.
Akiwa mlangoni akauliza huwa natoka kutembea saa ngapi asubuhi.
Nikamwambia kuanzia Alhamisi, saa kumi na mbili. Nitamsubiri dakika kumi.