Kitanda cha Chiriku

Nyumba ya Wapangaji,
Ghorofa ya juu, mlango wa mwisho.
Jumapili, tarehe kumi na nne, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na Mama anakula vizuri hata kama bado anagombana na dawa zake. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako kifua kimepona, ila mzaha wake haujapona. Anakusalimu sana, na anasema ukiona mwandiko umepinda ujue ni yeye anaitikisa meza.

Na Chiriku wetu je? Nasikia meno ya mbele yameng'oka yote na bado mdomo haufungi. Mwambie mimi mama yake nimecheka sana niliposikia kwamba sasa akisema anapiga mluzi bila kukusudia.

Najua umenikasirikia, na haki yako. Nilipokupigia siku ile nikakwambia usimshonee nguo ya safari wala usimpeleke kuaga majirani, halafu nikakata simu, nilikuacha roho juu. Nisamehe dada. Sikukata kwa jeuri. Sikutaka unisikie nikilia, maana ungelia na wewe, na mtoto angetuuliza sote wawili. Sasa mambo yametulia, nami nimekaa chini nikuandikie yote. Nakuomba ucheke kwanza, kunigombeza baadaye.

Unajua ninapofanya kazi, kule kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Mimi na Mama Pacha, jirani yangu wa mlango wa pili, tunasimama kwenye pasi ile ya mviringo inayolimeza shuka upande mmoja na kulitema upande wa pili limenyooka. Yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, tunavuta, tunakunja, tunaweka. Mvuke mtupu kuanzia asubuhi. Mashuka machafu tunaletewa na dereva wa gari la kiwanda, tunamwita Redio, na jina hilo hakupewa bure.

Basi siku moja Redio akaingia hata bila kusalimia, akatoa simu, akatusikilizisha ujumbe wa sauti. Mtu mmoja anaongea kwa kujiamini kama amemeza kipaza sauti, anasema sheria za viza zimebadilika. Wageni wote wa kazi za mikono hawataongezewa vibali, warudi kwao mwezi ukiisha. Tena walioomba kuwaleta watoto wao wasahau, maombi yote yamefutwa. Nani kasema, hakuna ajuaye. Redio mwenyewe alitumiwa na shemeji wa kinyozi wake.

Dada, hayo ya vibali niliyameza. Hilo la watoto ndilo lililonimaliza. Nimemwacha Chiriku mgongoni kwako ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na miaka yote hii nimejipa moyo kwa neno moja tu, kwamba siku itafika nitamleta. Karatasi zake zilikuwa ofisini zinasubiri jibu. Nilisimama pale kwenye pasi, shuka likaja, sikulipokea, likamwagika lote sakafuni.

Tulimuuliza msimamizi wetu. Akasema hajui kitu, akatazama pembeni. Sisi tukajua basi, huyu anajua. Kumbe baadaye nimeambiwa siku hiyo jino lilikuwa linamuuma.

Sasa nikueleze tabia ya nyumba yetu, maana bila hiyo hutaelewa tulivyojiaibisha. Humu karibu wote ni wageni, na tuna desturi yetu. Anayerudi kwao hauzi vitu vyake. Anagawa. Sufuria kwa huyu, meza kwa yule, na kitu cha kuagia hakidaiwi tena hata kama safari yenyewe imevunjika. Hiyo haikuandikwa popote, lakini ukiikiuka utasemwa mpaka ngazi za chini. Kawaida mtu hugawa kwa furaha, na chai juu. Safari hii kila mmoja aliogopa kusema kwamba anaondoka, asije akaonekana ndiye wa kwanza kufukuzwa. Kwa hiyo watu wakaanza kugawa kwa visingizio.

Kitanda cha Chiriku ulikiona kwenye picha, kile cha njano chenye kizuizi upande mmoja, ambacho shemeji yako alimsumbua seremala mpaka akakipiga msasa mara ya pili. Godoro lake bado lilikuwa kwenye nailoni. Kila nikitoka kazini nilikuwa nakikuta pale chini ya dirisha, napitisha kitambaa. Baada ya maneno ya Redio sikuweza kukitazama tena. Nilikiona kama kinaniuliza swali.

Nikamwita fundi wa kuchomelea, yule wa ghorofa ya chini yetu. Ana binti mdogo, na ndiye mwenyeji kuliko sisi wote, nikasema kama kuna atakayebakizwa hapa ni yeye. Nikamdanganya kwamba kitanda kinatubana, chumba hakitoshi. Akanitazama, akatazama chumba, akakipokea kwa mikono miwili bila kuuliza. Alipokifikisha kwenye ngazi nilifunga mlango nikakaa sakafuni pale kilipokuwa. Shemeji yako hakufanya mzaha siku hiyo, naye mwenyewe alikuwa ameshampa Redio feni yetu, eti inapiga kelele.

Wiki hiyohiyo Mama Pacha akaniletea masufuria yake yote, makubwa kwa madogo, akidai mikono inamuuma hawezi tena kuyasugua. Nikamshukuru. Nikajiambia huyu mama ana roho nzuri, hajui kwamba na mimi nimeshajihesabu wa kuondoka. Tukaendelea kukunja mashuka, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, kila mmoja na siri yake.

Shemeji yako ndiye aliyechoka kwanza. Akasema yeye ni fundi bomba, hawezi kukaa kusikiliza maji yanavuja ukutani asijue yanatoka wapi, twende ofisi ya uhamiaji tukaulize. Mimi nikagoma. Watu walikuwa wanasema ukienda kuuliza wanakunyang'anya pasipoti palepale. Akaniambia nibaki basi, aende peke yake. Hapo nikavaa viatu.

Tulihudumiwa na dada mmoja mwenye mafua, kitambaa mkononi, anapiga chafya kila baada ya neno. Nikamweleza tulichosikia. Akauliza tumesikia wapi. Nikaona haya kusema kwamba ni kwa shemeji wa kinyozi wa dereva. Akatueleza taratibu, na mimi roho mkononi. Ni kweli sheria imekazwa, lakini ni kwa wageni wapya wanaoletwa na mawakala. Sisi tuliomo na kazi zetu tutaongezewa vibali kama kawaida. Na walioomba watoto zamani, maombi yao hayajafutwa hata moja.

Akafungua jalada la Chiriku. Akasema limepita. Limebaki jambo moja tu, nalo ndilo jipya kwenye sheria: mtoto anayeitwa na wazazi wake lazima awe na kitanda chake mwenyewe ndani ya nyumba, na mkaguzi atakuja kukiona kwa macho. Atakuja Jumanne. Akatuuliza mtoto kitanda anacho?

Shemeji yako akajibu, "Anacho."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza mpaka nadhani bado ana alama.

Nje ya ofisi nilicheka na kulia papo hapo, watu wakanipisha njia. Kisha kicheko kikakatika. Jumanne ilikuwa karibu, na nyumbani kwetu kulikuwa na mkeka, godoro letu, na masufuria ya Mama Pacha. Tulimpitia seremala, akasema hawezi kumaliza kingine kabla ya wiki mbili. Cha dukani hatukukiweza. Shemeji yako akaniambia niende kwa fundi wa kuchomelea. Nikamwambia aende yeye. Tukasukumana hivyo mpaka mlangoni kwetu. Mwisho nikajisemea, aibu haijaua mtu, na mtoto ni wangu. Nikapiga moyo konde nikashuka.

Fundi alifungua mlango. Sikuzunguka. Nikamwambia nimekuja kuvunja desturi ya nyumba, nakihitaji kitanda. Yule baba mzima akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Akaniambia, "Mama, kitanda hakipo."

Kumbe naye siku niliyompa alikuwa ameshakata tamaa. Alijua kibali chake kinaisha kabla ya vyetu, akaona akikiacha kitapotea bure, akampelekea Mama Pacha kwa ajili ya wanawe mapacha. Akasingizia kwamba binti yake hakipendi. Mama Pacha naye alikipokea huku akiwa amekwisha kunipa mimi masufuria, maana naye alijiona wa kuondoka. Alishindwa kukikataa kwa sababu angelazimika kueleza. Dada, kila mtu humu alikuwa amemgawia vitu mtu mwingine anayegawa vitu.

Tukapanda na fundi hadi kwa Mama Pacha. Tulimkuta anakaanga mayai kwenye kifuniko cha chombo cha plastiki, sitanii, mwanamke mwenye masufuria kumi yaliyoko kwangu. Samahani, si plastiki, kingeyeyuka, kilikuwa kifuniko cha bati, ila shemeji yako akisimulia husema plastiki na mimi nimeshamzoea. Mapacha walikuwa wamelala juu ya kitanda cha njano, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Nikamweleza aliyoyasema yule dada mwenye mafua. Kwamba hatufukuzwi. Kwamba Chiriku anakuja. Kwamba kinatakiwa kitanda.

Mama Pacha akazima jiko, akawabeba wanawe mmoja mmoja akawalaza mkekani, akaniambia, "Hiki ni cha mtoto anayekuja. Wangu walikuwa wanakipasha moto tu."

Nilimkumbatia, tukalia kama wapumbavu, fundi akajifanya anakagua miguu ya kitanda. Habari zikatoka mlango kwa mlango kabla hata hatujakitoa chumbani. Ungekuwepo ungevunjika mbavu. Watu walipishana kwenye ngazi na meza vichwani, huyu anarudisha pasi, yule anatafuta kiti chake, na hakuna aliyekumbuka tena habari ya kitu kutodaiwa. Redio alileta feni mwenyewe. Akasema kweli inapiga kelele.

Jumanne mkaguzi akaja, mama wa makamo, mkoba mdogo na viatu vya kutembelea mbali. Akakibonyeza kitanda, akatikisa kizuizi, akatazama dirisha linafungwaje. Mapacha walikuwa wamekichora ubavuni samaki mwenye miguu, na sikuwahi kumfuta. Mkaguzi akamtazama yule samaki, akatabasamu. Nilishusha pumzi. Kisha, akiwa anafunga mkoba, akauliza kwa wema tu, kama mtu anayeaga, mtoto anapenda kulala upande wa ukutani au wa nje?

Dada, sikujua.

Nilimtazama shemeji yako, naye akatazama samaki. Mkaguzi akauliza jingine. Mtoto akishtuka usingizini humwita nani? Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba huenda jibu lake likaniharibia, kwamba ningeweza kusema ananiita mimi na asingejua. Lakini ulimi ulikataa. Nikamwambia, "Humwita dada yangu."

Akaufungua tena mkoba. Mimi nikasema nimekwisha, nimeyavuruga mwenyewe kwa mdomo wangu. Akaandika, akatia saini, akanipa karatasi. Mtoto amekubaliwa. Na chini yake ameandika kwamba, kwa umri wake, asindikizwe na huyo mlezi wake, naye apewe viza ya matembezi ya kutosha mpaka mtoto azoee nyumba. Akaniambia hiyo ni ruhusa ya zamani, haikuguswa na sheria mpya, ila watu hawaiombi kwa sababu hawaijui.

Kwa hiyo dada, mshonee nguo ya safari. Na ujishonee na wewe. Mpelekeni akaage majirani wote, hata yule anayemkimbiza na fagio. Usiniambie nani atabaki na Mama, maana nimeshaongea na mjomba fundi saa, atahamia chumba cha mbele mpaka urudi, na amekubali hata kabla sijamaliza sentensi. Fika ofisi ya viza huko ukiwa na karatasi niliyoiweka humu, usiikunje.

Nilikuwa naogopa kukwambia jambo moja, nalo ni kwamba nilikuwa nakuonea huruma. Nilitamani mtoto wangu aje, na kila nilipofurahi nilikuona wewe umebaki na kile chumba kimya. Sasa naogopa kidogo tu. Akiendelea kukuita wewe Mama na mimi Mama wa huku, sitanuna. Ana bahati ya kuwa na wawili.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ni za kumeza siyo za kuhesabiwa makosa. Msalimie mjomba fundi saa na shangazi mpenda ugomvi, na wote wanaoniuliza. Mungu awafungulie njia na awafikishe salama.

Kitanda kimerudi chini ya dirisha. Upande mmoja ni ukuta, upande mwingine ni kizuizi, na bado sijui ni upi wake. Usiniandikie. Njoo umlaze wewe mwenyewe, mimi nitasimama mlangoni nitazame.

Wako akupendaye na anayekungoja,

Mdogo wako, dobi.