Bunduki ya Bega Bovu

Jumatano, 18 Oktoba

Bega limegoma. Asubuhi nilitoa kabatini bunduki ya marehemu mume wangu Ferdie, ile ya kukokota kwa mkono kila baada ya mlio. Nikajaribu kuikokota ikiwa tupu. Mkono ukafika nusu, ukasimama. Nikatukana kwa Kifaransa cha mama; Kiingereza hakina tusi la kulitosha bega.

Daktari aliyelipasua alisema nipumzike. Mpaka lini? Akatabasamu. Siwapendi watu wanaojibu kwa meno.

Mchana Dorsey akapiga simu. Mtoto wa marehemu kaka yangu. Hunibembeleza kama mtoto anayenyweshwa dawa. "Shangazi, msimu huu ukae zako Baton Rouge, upumzike. Nitakuletea bata hukohuko, wameshanyonyolewa." Kisha likatoka lililompigisha simu: bosi wake anatamani kuwinda. Kiti changu si kitakuwa wazi?

Hakitakuwa wazi. Kibanda chetu cha kuvizia kina viti viwili, changu na cha mzee Ulysse, mwindaji mwenzangu. Sheria ya kambi yetu ya uwindaji tumeikuta kwa baba zetu: kiti ni cha anayekikalia jua la siku ya ufunguzi wa msimu likichomoza, bunduki mkononi, apige mwenyewe. Mtazamaji hana kiti. Asiyefika amekitoa, na hakuna kununa.

Kibanda kimesimama palipokuwa bustani ya bamia ya mama. Kijiji chetu, Pointe Sarcelle, chote sasa ni maji, ramani mpya hazina hata jina lake. Tangu kimbunga kituhamishe nimeishi kwenye nyumba za kupanga, ghorofani, nikisikiliza viatu vya watu. Ubao ule wa kukalia ndio kiwanja pekee nilichobakiwa nacho. Bahari imeshanifukuza. Dorsey hanifukuzi!

Nahitaji bunduki inayojipakia yenyewe. Ya bei ya mwalimu mstaafu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Dukani. Kijana wa kaunta, ndevu zimechanwa vizuri kuliko nywele zangu, akanitolea bunduki ya rangi ya waridi. "Hii kina mama wanaipenda sana, bibi." Nikamwambia sitaki ya kupendwa na kina mama, nataka ya kuchukiwa na bata. Akacheka, akairudisha. Baada ya hapo tukaelewana.

Za Kiitalia nilizishika kama mtu anavyobeba mtoto wa tajiri: nikazisifu, nikazirudisha. Zikabaki mbili za bei yangu. Moja hujipakia kwa gesi ya baruti. Teke lake begani ni laini, lakini hujaa masizi, kila ukirudi uifungue uisugue. Nyingine, ya Kituruki, hujipakia kwa teke lake lenyewe. Nyepesi, safi, haina mambo mengi ndani.

Nilikuwa nimesoma juma zima kuhusu hizi. Kinamasi chetu ni tope tupu, nikaona safi ndiyo busara. Nikachukua ya Kituruki. Kijana akasema nimechagua kama mtaalamu. Nikamwamini.

Jumapili, 29 Oktoba

Sitaki kuiandika siku hii. Naiandika.

Kila mwaka kabla ya msimu, kambi nzima hukutana nyuma ya nyumba ya Ulysse kulenga sahani za udongo zinazorushwa juu. Sufuria ya gumbo, mchuzi wetu mzito wa bamia, jikoni, mbwa chini ya meza, uongo hewani. Zamu yangu ikafika. Sahani ya kwanza nikaivunja vipande. Wakapiga makofi. Ya pili—klik. Ganda tupu la risasi limebana kwenye mlango wa kutokea. Nikalitoa kwa kidole, nikaanza upya. Ya kwanza, unga. Ya pili, klik.

Dorsey, mbele ya watu wote: "Shangazi, hiyo ya pili unaiombea tu?"

Nikasema bunduki ni mbovu. Ulysse akaichukua, akapiga tatu mfululizo. Ikatema maganda kama mtu anayekula mbegu za alizeti. Akampa Dorsey. Vilevile. "Bunduki nzima hii, shangazi." Angeongeza neno ningempiga na kitako.

Nikaenda kukaa na mbwa.

Ulysse alinifuata na bakuli. Ana miaka themanini na bado hutembea kama anayekanyaga matope. "Dada, unapiga kama mtu aliyesimama mtumbwini."

Nikaacha kijiko. Ni kweli! Baba alinifundishia kwenye mtumbwi mwembamba, nimesimama. Ukilikazia teke mle ndani, mnazama wote, wewe na bata na chakula cha mchana. Kwa hiyo bega langu hulipokea, hulikaribisha, hurudi nalo nyuma. Na ile ya Kituruki inataka bega gumu la kugotea. Ikikosa ukuta, haijipakii. Nililijua hili, lilikuwa kwenye ukurasa niliousoma, nikalipita kama lahusu mabega ya watu wengine.

"Basi kaza bega," akasema Ulysse.

"Halikazi. Limeshonwa."

"Basi badili bunduki. Usibadili baba."

Jumatatu, 30 Oktoba

Kijana wa ndevu akasema iliyokwisha kupigwa hairudishwi. Nikasema sitoki. Nikavuta kiti, nikafungua kitabu nilichokuja nacho. Wateja wakaanza kuniuliza bei za vitu. Nikawajibu, na nadhani nilimuuzia mtu mabuti.

Mwishowe akaleta kutoka nyuma moja ya gesi, iliyokwisha tumika, geji ishirini, ya risasi ndogo. Kitako kina mikwaruzo, mtu amechonga herufi zake kwa kisu. Mbaya wa sura, kama mimi. Tukabadilishana. Ni nzito kidogo. Uzito huo nao hula teke.

Jumatano, 1 Novemba

Kwa Ulysse tena, sisi wawili tu. Tatu, tatu, tatu. Bega kimya. Nilisugua masizi jikoni mpaka vidole vyeusi. Mwalimu mzima.

Alhamisi, 9 Novemba

Dorsey tena. Ameshamwahidi bosi, aibu itakuwa yake, cheo chake kazini kiko hapo. Nikamwuliza aliahidi kiti cha nani. Akalikwepa swali. Kisha: "Shangazi, wewe hata hukai huku tena."

Nikakata simu. Hakuna anayekaa huku tena, ni maji tu! Yeye mwenyewe anakaa kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea.

Jumamosi, 11 Novemba

Kibandani, siku ya ufunguzi. Mbingu ya mashariki imeanza kupauka, naona mstari ninaouandika. Ulysse kushoto kwangu. Risasi tatu ndani, marisau ya chuma kama sheria inavyotaka.

Boti ya Dorsey imekuja. Ameleta bosi wake kweli. Bwana mpole, koti jipya lenye mikunjo ya dukani. Amevua kofia, amenisalimu, "shikamoo mama." Nilitaka awe mtu wa kuchukia.

Dorsey ameshika ukingo wa kibanda. "Shangazi, sogea kidogo tu. Wa tatu anaenea."

Naandika ili nisimjibu.

Bosi amesema watarudi kambini, hapana shida, hakujua. Dorsey amemwambia angoje kwanza, shangazi anatania. Sitanii. Ulysse anaangalia saa, anangoja jua.

Ubao huu niliupima mwenyewe na Ferdie. Wa tatu anaenea. Nikisogea upana wa kiganja, anaenea bila taabu.

Bosi ameshuka botini, anatetemeka kwa baridi. Maji yameingia kwenye buti lake.

Ulysse amenigusa goti: sasa. Bata wanakuja kutoka kusini, wakiruka chinichini, kundi zima, juu ya bustani ya mama. Sijasogea. Kalamu chini, bunduki—