Salamu za Bridgetown

Baba Asha,

Nimerudi. Mtu mzima mimi, na magoti yangu haya, nimepanda meli yenye ghorofa nyingi kuliko jengo letu la hapa Scarborough, Toronto, nimeshuka Bridgetown, na nimetembea kwa miguu kama ulivyotaka. Teksi zilikuwa zimejipanga nje ya geti la bandari, madereva wanatuita kwa bashasha, na Asha alishanyoosha mkono. Nikamwambia baba yako alisema tutembee. Akanitazama, akashusha mkono.

Ulinichosha na Barbados yako, wewe. Tangu uanze kupakia mizigo uwanja wa ndege na yule rafiki yako Mbarbadosi, kila ukirudi kutoka kazini Malton una jipya. Ukitoka bandarini fuata barabara ya kando ya bahari, utapita vibanda vya mafundi wa vinyago na vyungu, halafu soko, halafu daraja dogo lenye mashua chini yake, na ukivuka, mbele kuna ufukwe ambako kasa wanaogelea na watu. Chai inapoa, wewe umo tu na kasa. Nikakuuliza kwani bahari ya Tanga imekauka, hata twende kulipia ya wenzetu. Ukacheka, ukasema tukistaafu tutakwenda. Hukustaafu.

Sasa nikueleze nilivyokuwa. Tangu tukuzike nilishindwa kutamka. Asha ndiye aliyewapigia watu simu, Asha ndiye aliyewaambia majirani kwenye lifti. Mimi lile neno lilikuwa linafika kooni linakwama. Nikaanza kukwepa watu wasije wakaniuliza habari zako. Basi letu la asubuhi nililiacha, maana yule dereva wetu wa Sri Lanka lazima angeuliza uko wapi. Nikawa nazunguka hadi barabara ya pili kupanda jingine, kwenye theluji, kama mtu anayedaiwa. Asha aliona. Akakata tiketi za meli.

Haya, Bridgetown. Kwanza nusura nigongwe. Magari yao yanapita kushoto kama kwetu, na Kanada imeshanigeuza shingo, nikatazama upande usio wake. Asha akanivuta. Vinyago tumeviona, tumesifu, tumepita. Sokoni nikakuta mashelisheli, Baba Asha, yale yale ya kwenu, yamelundikwa pamoja na bamia na viazi vikuu. Nikamshikisha Asha moja, nikamwambia hili ndilo baba yako alikuwa analililia kila Ramadhani, shelisheli la nazi. Akalinusa, akasema kwa Kiingereza kwamba halina harufu. Mtoto wako huyo.

Njaa ikatushika karibu na daraja. Palikuwa na mgahawa mdogo, mama mmoja mnene nyuma ya kaunta, watu wachache wanakula. Nikaingia moja kwa moja, kama tunavyoingia Toronto, nikauliza samaki bei gani. Mama kimya. Nikarudia. Akaendelea kufuta kaunta huku ananitazama tu. Hasira zikaanza kunipanda, unanijua, nikamwambia Asha kwa Kiswahili huyu ana kiburi, twende zetu. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa anakula akanieleza kwa upole kwamba kwao mtu akiingia mahali husalimia kwanza.

Niliona aibu mpaka masikioni. Mimi niliyelelewa Korogwe, ambako ukimpita mtu mzima bila shikamoo habari inafika nyumbani kabla yako! Nikakuona wewe na koti lako la kazini, unapanda basi asubuhi na kusalimia basi zima, habari za asubuhi jamani, kwa Kiingereza chako cha Tanga, watu wameziba masikio kwa vidude vyao vya muziki, haitiki mtu isipokuwa dereva. Mimi nakuvuta mkono ukae. Usidhani nakuomba radhi, ulikuwa unaniaibisha kweli. Lakini pale mlangoni nilitamani uwepo, uwasalimie watu kwa niaba yangu.

Nikatoka nje. Nikaingia upya. Nikasalimia kwa sauti kubwa, kama wewe kabisa, na wote wakaitika, hata waliojaza chakula mdomoni. Yule mama akacheka, akatuletea samaki wa kukaanga na ugali wao, ambao wanausonga na bamia humo humo ndani. Ungeusifu mpaka ukaniudhi. Alipopata nafasi akaja kuketi nasi, akauliza tumetoka wapi, kisha akaniuliza mume nimemwacha wapi. Asha akafungua mdomo anijibie, kama kawaida yake. Nikamshika mkono.

"Mume wangu amefariki," nikasema. "Yeye ndiye aliyetaka kuja hapa."

Neno likatoka. Nikalia mbele ya samaki, Asha naye akalia, na yule mama hakutuambia tunyamaze. Alivuta kiti karibu, akaniuliza jina lako. Nikamtajia. Nikamsimulia habari zako mpaka ugali ukapoa, hata ile ya kwenda kazini na viatu viwili tofauti, na Asha akacheka machozi hayajakauka.

Kasa tumewaona. Mtoto wako ameogelea nao, mimi nimesimama maji ya magotini, nguo nimeishika juu, nawahesabu vichwa. Nilipoionja ile chumvi nilikukumbuka vibaya sana, mume wangu. Nimekupenda, na nilikuwa mvivu wa kukuambia.

Jana asubuhi nilirudi kwenye basi letu. Nilipanda, nikasalimia basi zima. Wengine waliinua macho, wengine wala. Dereva akaitika kwa furaha, kisha akauacha mlango wazi, baridi inaingia, akitazama nyuma yangu. Alikuwa anakusubiri wewe upande.

Nikamwambia mwenyewe. Akavua kofia, akaniinamia, akafunga mlango polepole.

Basi pumzika, Baba Asha, Mungu akulaze pema. Kila asubuhi nitawasalimia kwa niaba yetu sote wawili, waitike wasiitike, na hakuna wa kunivuta mkono.

Mkeo,
Mama Asha