Pampu Arobaini za Yusufu

Jumanne, 2 Juni
...na ndiyo maana nikampigia tena, mara ya nne. Aje ale! Ndoa ya wiki tatu, halafu mume anashinda karakanani! Yusufu wangu anaunda vifaa vya kufungulia pampu za maji vijijini. Kila kifaa kikiwaka mara ya kwanza hujitungia namba ya siri, ya kutambua kadi za kijiji chake tu. Ila chuma hakijui kubahatisha. Kwa hiyo hupima mapigo ya saa yake, kikikusanya tofauti ndogo mno kati ya pigo na pigo hadi zitoshe kutunga namba isiyofanana na nyingine. Dakika nzima kila kimoja. Vifaa arobaini. Leo karudi mapema, na karanga mbichi mkononi. Nampenda mpaka naona aibu.

Jumatano, 10 Juni
Balaa. Vifaa vimeshafungwa huko Kondoa, na kadi ya kijiji kimoja imefungua maji ya kijiji kingine. Namba zote ni moja. Yusufu kaniambia ukweli: Jumanne ile aliondoa ile dakika ya kusubiri. Vifaa vyote vikawaka kwa namna ile ile, vikatunga namba kabla ya kukusanya chochote.
Ili aniwahi mimi, niliyempigia mara nne.

Alhamisi, 11 Juni
Bosi kamuuliza kwa nini. Kasema uzembe wake. Hakunitaja. Bora angenitaja.
Kesho anaondoka kwenda kuvitungisha namba upya. Kijiji kwa kijiji, kifaa kwa kifaa, mpaka viishe.

Ijumaa, 12 Juni
Ameondoka. Dada yake Zaina alikuja hapa kwetu Miyuji kumuaga. "Wifi, futa machozi, mume si maziwa, hachachi!" Nikacheka. Nikaingia jikoni nikalia. Yusufu hakunitazama. Alisema tu, "Nikiwa kazini usinipigie."
Moyo umepasuka. Sijui niandike nini kingine.

Jumapili, 14 Juni
Sijapiga. Nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea. Sikuula.

Alhamisi, 18 Juni
Kapiga mwenyewe, jioni. Kifaa cha tisa. Sauti kavu. Hasira bado ipo, nimeisikia. Nikamwomba radhi. Hakukata simu.
Nikamwambia nataka kuja. Halafu akasema huku baridi ni kali, nichukue na sweta lake la bluu, na langu.
Nimeyafua yote mawili. Yako kambani, upepo unayavuta. Nitapanda basi la Kondoa kabla mwezi huu haujaisha.