Samaki wa Zizi Moja

Kwa Baba yangu, kijijini Mugeta.

Shikamoo Baba. Mimi ni mzima kwa kiasi, ukiondoa meno mawili ya mbele na mkono wa kushoto uliofungwa banzi. Goti lako linaendeleaje? Na pamba, mmeshaanza kuchuma? Dada Nyangi ameniandikia kwamba kisomo cha watu wazima kimekuingia, sasa unasoma barua mwenyewe. Nimefurahi sana, maana haya nisingependa yasomwe kwa sauti mbele ya mama.

Kazi yangu na Bwana Samaki unaijua. Vijiji viwili vya ujamaa, Kichangani na Miambani, kila kimoja kinalia kwamba mwenzake anamwibia samaki aina ya changu. Ofisi ya uvuvi ikatutuma tujue kama changu hao ni kundi moja au mawili. Tunampima samaki urefu, tunampasua kichwa na kutoa kijiwe cha sikioni, tunahesabu duara zake ili tujue umri. Msimu wa kutaga ukifika tunapasua matumbo kuangalia mayai, maana kundi moja hutaga pamoja. Wapwani walinicheka: mtu wa ng'ombe anauliza samaki kazaliwa lini.

Basi nikaona changu wa Kichangani ni wakubwa. Wa Miambani, umri uleule, walikuwa wafupi kwa upana wa vidole vinne. Mayai bado hatukuwa tumeyaona. Lakini mwenyekiti wa Kichangani aliniuliza mnadani mbele ya watu, nami nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia, "Hawa wakubwa ni kundi lenu. Wale wa Miambani ni wengine kabisa." Ni mimi niliyesema hivyo, Baba, mtu wa Mara, ninayejua wanaume hufanya nini wakiambiwa mali yao iko kwa jirani.

Siku tatu baadaye, asubuhi, nilikuwa baharini na Shomari, nahodha wa Miambani aliyenipa chumba na kunifundisha kuogelea. Alikuwa ameinua dema lake, ule mtego wa kusukwa, na kupata changu watano wanene. Mitumbwi minne ya Kichangani ikatuzunguka.

"Mtaalamu kasema wakubwa ni wetu," mmoja akamwambia Shomari. "Walete huku."

Shomari akanitazama, akingoja niseme neno. Kasia likampata shingoni kabla sijafungua mdomo. Alipojaribu kuinuka wakamchoma ubavuni kwa chusa ya kuulia samaki wakubwa, wakaichomoa, wakamchoma tena, na safari hii mmoja akaisukuma kwa mguu. Nilikinga kwa mkono, nao ukavunjika. Damu yake ilijaa kwenye ubao wangu wa kupimia, na samaki walikuwa bado wanarukaruka ndani yake. Jioni ile Miambani wakaenda kuchoma nyavu za Kichangani, na mzee mmoja wa huko akakatwa mkono kwa panga mlangoni pake.

Mwezi uliofuata mayai yakakomaa. Yalikomaa wiki ileile kwa wote, wakubwa kwa wadogo, na wote wakaenda kutaga kwenye mlango mmoja wa mwamba, pale maji yanapopenya kwenda bahari kuu. Watoto wao husombwa na mkondo. Wanaofikia Kichangani hukuta chakula tele, wanaofikia Miambani hukuta haba. Ni kundi moja, Baba.

Nilikaa chini nikalia. Unakumbuka yule mtamba uliyemwekesha mjomba Wambura kule Butiama? Aliporudi amenenepa nilikataa, nikasema si wetu, ukanichapa fimbo ya miguu. Ulisema, "Ng'ombe anafananaga na majani aliyokula. Wewe uliza alizaliwa wapi." Nilifundishwa hilo zizini kabla sijajua kusoma, na bado nimeua mtu kwa kulisahau.

Bwana Samaki alisema niliandike kwenye ripoti na kufunga mdomo. Sikuweza. Jana nilisimama kwenye mkutano wa Miambani nikasema yote. Bi Mwanaidi, mama yake Shomari, ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo mwanangu kauliwa kwa samaki wake mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Na kwa neno langu."

Mdogo wake Shomari akanirukia, akanipiga ngumi mpaka nikatema meno. Wengine wakaja na mipini ya mashoka. Bi Mwanaidi akajiweka katikati.

"Mwacheni," akasema. "Mkimuua huyu, nani atawaambia wale wa Kichangani?"

Kwa hiyo kesho naenda kuwaambia, kabla hawajalipiza zile nyavu. Wanaume wa Miambani wamekataa kunivusha, na boti ya ofisi nimenyimwa. Atanivusha Bi Mwanaidi mwenyewe, kwa mtumbwi wa mwanawe. Naogopa, Baba, sikufichi.

Msalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie dada Nyangi na mumewe, mwalimu wa Iringo, na mjomba Wambura anayetutunzia ng'ombe Butiama. Bibi mshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Leo Bi Mwanaidi ameniuliza jina lako, na mtu akitoka Musoma anafikaje Mugeta. Nimemwandikia kwenye karatasi, ameifunga kwenye pindo la kanga. Amesema yeye aliletewa maiti ya mwanawe bila kuambiwa kitu, na hataki mama mwingine apatwe na hayo.

Ni mimi mwanao,
Magesa