Mashine Isiyoitikia Shikamoo

Jumatatu, 14 Julai

Nimefagia uwanja. Nimepika uji wa mtama. Nuru amekunywa wote, amefuta mdomo, ameshuka mkekani. Hakusema neno. Kila asubuhi huniamkia kwa midomo tu, sauti haitoki. Namwitikia hata hivyo. Adabu ni adabu.

Ana miaka minne. Mama yake, binti yangu Salma, ni muuguzi Dodoma, na sasa amepangiwa zamu za usiku. Ndiyo sababu mtoto yuko kwangu Bagamoyo. Tangu mama yake apande basi, amefunga kinywa.

Salma amepiga simu. Mwisho wa mwezi anakuja. Akimkuta mtoto bado haongei, atarudi naye Dodoma, akashinde na msichana wa kazi. Sitaki. Nyumba hii imekuwa kimya tangu baba yake Salma afariki. Nimeandika hivyo na sifuti.

Amependekeza nimnunulie Nuru kitu cha kuchezea cha betri, kinachoongea na kufundisha. Ati watoto wa siku hizi ndivyo wanavyojifunza. Mimi nimefundisha darasa la kwanza kwa chaki na vizibo vya soda. 

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda dukani hata hivyo. Nuru nimemwacha kwa jirani, Bi Tatu.

Duka ni la Fadhili, karibu na stendi. Nilimfundisha. Hata leo akiniona hutoa mikono mfukoni.

Rafu nzima imejaa. Kishikwambi cha plastiki kinachoimba Kiingereza. Chati ya wanyama ya kutundika ukutani: ukimbonyeza ng'ombe, analia kama pikipiki. Gari linalohesabu mpaka tatu, kisha linakoroma. Fadhili alisema betri zimechoka. Nikalirudisha rafuni.

Akaleta paka wa manyoya, mwenye kurudia kila anachosikia.

"Watoto wanampenda sana huyu, mwalimu."

"Anafundisha nini?"

"Hafundishi kitu. Anaongea tu."

Paka akasema kwa sauti nyembamba kuwa hafundishi kitu, anaongea tu. Nikamwambia anyamaze. Akaniambia ninyamaze. Mama mmoja aliyekuwa akichagua sufuria alicheka mpaka akashika rafu.

Upuuzi. Nimechukua mashine ya herufi. Inasema Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, na kila silabi inasikika. Hufungwa kama mkoba. Kitu cha heshima.

Jumatano, 16 Julai

Baada ya chai nimeiwasha. Ikasema, "Karibu. Tafuta herufi A."

Nuru hakutafuta. Alisimama, akaweka mikono nyuma, akasema, "Shikamoo."

Kwa sauti. Nimeisikia mwenyewe. Neno lake la kwanza katika nyumba hii, na ameipa mashine.

Mashine ikasema, "Jaribu tena."

Akajaribu. "Shikamoo."

"Jaribu tena."

Akapandisha sauti. Ikamwambia vilevile. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kuizima. Kitufe kiko chini, kidogo kama punje ya mchele. Nilipokipata mtoto alikuwa analia. Nyumbani kwangu mtoto haanzi mazungumzo na mtu mzima kabla hajaamkia na kuitikiwa. Sheria ni yangu. Ameishika vizuri mno.

Ameifunika mashine kwa kanga, akaenda kukaa nyuma ya mlango. Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 17 Julai

Leo hata midomo haikutikisika.

Bi Tatu ameleta vitumbua. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mwalimu, umeleta mwanamke ana kiburi! Mtoto anamwamkia wee, hata marahaba moja? Mrudishe kwao huyo."

Nilicheka kidogo. Kisha nikamwona Nuru mlangoni, anatutazama. Nikaacha.

Vitumbua viwili alikula. Shukrani, kwa kichwa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudisha mashine. Fadhili hakubisha. Tukapekua rafu upya. Kiingereza, Kiingereza, Kichina. Nimemchukua paka kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki anayesema lugha ya mtoto. Sina imani naye.

Njiani alirudia honi za bodaboda. Watu waligeuka. Nikamfunika kwa mtandio.

Jumapili, 20 Julai

Nimemweka paka mkekani bila maelezo. Nikaenda jikoni kukuna nazi.

Nikasikia "Shikamoo." Ya Nuru, ndogo sana. Kisha ya paka: "Shikamoo."

 Mkono wangu ulisimama. Nilingoja kilio.

"Marahaba," akasema Nuru.

"Marahaba," akasema paka.

Nuru akacheka. Kisha akakohoa kidogo, kama ninavyokohoa mimi kabla ya kusema jambo. "Hujambo? Umekunywa uji? Kaa vizuri. Usiegemee ukuta. Nani amekuruhusu kuegemea ukuta?" Paka akarudia yote, hata kikohozi.

Maneno ni yangu. Sauti ni yangu. Sikujua kuwa nasikika kama kengele ya shule. Haikunipendeza.

Sikutoka jikoni. Nimemwacha aseme. Nazi imekunwa nusu, wali umechelewa, na sijali.

Jumatano, 23 Julai

Anaongea na paka mchana kutwa. Nami, neno mojamoja: maji, kuku, tayari. Asubuhi aliniamkia na sauti ikatoka.

Salma amepiga simu. Nuru aliitazama simu, akaishika, hakusema. Salma akauliza, "Bado, mama?" Nikamwambia aje aone mwenyewe. 

Alhamisi, 31 Julai

Salma amefika na basi la mchana. Nilipanga kumweleza mambo kwa utaratibu. Sikupata nafasi. Nuru alimrukia na kumweleza yeye: habari za paka, za kuku aliyetaga chini ya kitanda, za jino la Bi Tatu, na kwamba bibi anakoroma. Sikoromi. Sikumkatiza.

Baada ya chakula Salma akamuuliza kama atarudi naye Dodoma.

"Paka hajazoea basi," akasema Nuru. "Atawaudhi watu."

Salma akanitazama. Mimi nilitazama sahani.

Jumamosi, 2 Agosti

Salma aliondoka jana alfajiri, peke yake. Nuru alilia mpaka jua likatoka, kisha akaomba mkate.

Betri za paka zimekwisha. Ninazo nyingine kabatini. Hajaziulizia.

Leo uji ulipoa bakulini kwa sababu alikuwa na mengi ya kusema. Nilimwambia anyamaze kwanza anywe. Akanyamaza. Kuku walisikika uani.

Nikamwambia aendelee.